LAND ROVER YA ZAMANI: ISIMAME KWANZA, NDIPO IENDE

Wenzetu wa matawi mengine wametuuliza mara nyingi tulifanyaje hata Land Rover iliyokuwa imeota majani nyuma ya karakana yetu ikarudi barabarani. Wengine tuliwajibu kwa mkato, "Tuliitengeneza." Jibu hilo halikumsaidia mtu. Tena lina hatari ndani yake, kwa maana motokaa mbovu iliyolala haimwui mtu, lakini motokaa mbovu iliyoamshwa inaweza kuua wengi kwa siku moja. Sisi wenyewe tulinusurika kwa bahati, na bahati si fundi. Kwa hiyo leo tunaeleza yote, pamoja na makosa yetu.

GARI LENYEWE

Shamba letu la chai liko magharibi ya Uganda, katika vilima vya Toro, upande ule ambao asubuhi isiyo na mawingu milima ya Ruwenzori huonekana. Mvua ni nyingi, njia ni za udongo, na kutoka kambi ya juu ya wachuma chai hadi barabara ya lami ni mteremko mtupu.

Land Rover yetu ni ya namna inayoitwa Series IIA, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971. Ni ile ndefu, yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na injini ya petroli ya silinda 4, ujazo wake sentimita 2,286. Taa zake kubwa zimekaa karibu karibu, kila upande wa rejeta, wala hazipo kwenye mabawa. Kwa alama hiyo mzee wetu mmoja, aliyepata kuiendesha zamani, alitueleza kwamba ni gari la kabla ya miaka ya 1970.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwezi wa Aprili 1948, huko Amsterdam. Wakati ule Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, basi waundaji wakatumia aluminiamu kwa mwili wa gari. Ndiyo sababu Land Rover kuukuu huonekana nzima hata ikiwa imekufa. Bati la nje halishiki kutu. Lakini chasisi iliyo chini yake ni ya chuma, na kutu hukaa huko gizani, mahali ambapo mpita njia haoni.

Sisi watu wa chai tulipaswa kulijua jambo hilo tangu mwanzo. Wazee wanakumbuka miaka iliyofuata mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia, na mashamba mengi ya chai nchini yakaachwa yakawa msitu. Mchai usipochumwa hurefuka ukawa mti kweli, una majani mabichi juu, na mgeni akipita husema shamba linastawi. Waliokuja kufufua mashamba hayo hawakuanza juu. Waliukata mchai chini karibu na shina, wakangoja uchipue upya. Motokaa iliyotupwa nayo hufufuliwa vivyo hivyo, kuanzia chini.

KWA NINI TULIITAKA

Wengi wa wafanyakazi wenzetu asili yao ni Kigezi, na wamekuja na desturi yao ya engozi. Kwa wasioijua, engozi ni machela ya kubebea mgonjwa, na pia ni umoja wa watu wanaobebana. Mgonjwa akizidiwa, wanaume wa kijiji hupokezana kumbeba begani hadi hospitali, na asiyetokea hutozwa faini. Ni desturi njema, nasi tunaiheshimu.

Lakini usiku mmoja wa mvua kubwa mchuma chai mwenzetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Gari la shamba halikuwepo. Bodaboda hazikuweza kupanda, udongo ulikuwa kama sabuni. Wanaume kumi na wawili walimbeba kwa engozi, wakiteleza na kuinuka. Walifika hospitali kukikucha. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Katika mkutano wa tawi uliofuata hakuna aliyetoa hotuba ndefu. Mtu mmoja alisimama akauliza, "Na lile gari lililo nyuma ya karakana?"

KARATASI KWANZA, SPANA BAADAYE

Land Rover ile ilikuwa imeandikwa miongoni mwa vyuma chakavu, ingojee kuuzwa kwa kilo. Tulipoliomba gari, jibu la mdomo lilikuwa jepesi, "Lichukueni." Vijana wa karakana walitaka kuanza jioni ile ile.

Kamati ya tawi ilikataa. Gari bovu halina mwenyewe, lakini likipona huwa na wenyewe wengi. Tulitaka maandishi yenye mambo manne. Kwanza, gari liwe mali ya tawi na kadi yake ihamishwe. Pili, kazi ifanyike baada ya saa za kazi, ndani ya karakana, kwa vyombo vya karakana. Tatu, gari litumike kwa wagonjwa na majeruhi, lisigeuzwe kuwa la kubebea mbolea. Nne, kuwepo kwa gari hilo kusimwondolee mwajiri wajibu wake kwa mfanyakazi aliyeumia kazini, wajibu uliomo katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi.

Jambo hilo la nne ndilo lililochelewesha sahihi. Tuliandika barua, tukajibiwa, tukaandika tena. Miezi miwili ilipita, na watu walinung'unika kwamba kamati inapenda karatasi kuliko wagonjwa. Leo hakuna anayenung'unika. Matawi yanayotaka kufuata njia hii tunayashauri yasilegeze hata nati moja kabla karatasi haijatiwa sahihi na pande zote mbili.

KOSA LETU LA KWANZA

Kikosi cha kazi kilikuwa cha watu watano: mzee wetu aliyekuwa dereva, mchomelea vyuma wa kiwandani, fundi umeme, na vijana wawili wa karakana. Fedha zilichangwa na wanachama, na aliyezitunza ni mama mmoja mchuma chai, mweka hazina wa tawi, aliyeandika kila shilingi katika daftari la shule.

Siku ya kwanza tulikata majani, tukatoa viota vya panya, tukalisukuma gari hadi mlangoni pa karakana, mahali penye mteremko kidogo. Siku ya pili tulivuta breki ya mkono, tukaweka jeki nyuma, tukaanza kuinua gurudumu. Gurudumu lilipoachana na ardhi tu, gari lilianza kwenda. Lilianguka kutoka kwenye jeki kwa kishindo. Kijana mmoja alikuwa ametoa mguu wake chini ya gari punde tu ili kuchukua spana.

Mzee alituketisha chini akatueleza. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela inayokwenda nyuma, mara tu inapotoka kwenye giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliacha lizunguke ovyo, na lile la pili lililo chini huwa halina kinachomshikilia. Breki ya mkono umeivuta, imeshika kweli, lakini gari linakwenda.

Tangu siku hiyo tuliweka sheria tatu, nasi tunawaomba mziandike ukutani. Gari lifanyiwe kazi mahali tambarare. Magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwa kabari mbele na nyuma. Sisi tulichonga kabari za mkaratusi. Na mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, bali liwekwe juu ya magogo mazito yaliyokatwa sawasawa. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia.

CHASISI: SIKILIZA KWA NYUNDO

Chasisi ya Land Rover ni kama sanduku refu la chuma, wazi ndani. Maji na tope huingia, na kutu huanza ndani kuelekea nje. Macho hayatoshi. Mchomelea vyuma wetu aliipiga yote kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, kama daktari agongavyo kifua. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya bubu, na mahali pengine nyundo ilipenya.

Sehemu mbovu zilikuwa mbili: mhimili wa nyuma kabisa, na pembe moja inayoshika springi. Hatukubandika bati juu ya kutu. Tulikata mpaka kwenye chuma kizima, ndipo tukalehemu chuma kipya. Kabla ya hapo tangi la petroli, ambalo hukaa chini ya kiti, lilitolewa likawekwa mbali. Watu hudhani tangi tupu halina hatari. Hatari kubwa ni mvuke wa petroli uliobaki ndani, na cheche moja yatosha kulilipua.

Palipokutana aluminiamu na chuma tulikuta unga mweupe. Metali hizi mbili zikigusana penye maji, aluminiamu huliwa. Tulisafisha, tukapaka rangi, tukaweka vipande vya mpira katikati.

MAMA MWEKA HAZINA ALIPOAMUA

Hapo fedha zilikuwa zimebaki kidogo. Vijana walitaka kabureta na stata, ili injini iungurume, watu wasikie, wachange zaidi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mzee alitaka breki. Ubishi ulikuwa mkali mpaka mama mweka hazina alipofunga daftari lake. Alisema, "Mimi nachuma chai kule juu. Siku yangu ikifika nitalazwa ndani ya gari hilo, linateremka. Nunueni breki." Ubishi ukaisha.

Land Rover yetu ina breki za dramu katika magurudumu yote manne, na silinda ndogo sita za kusukuma, mbili kila gurudumu la mbele na moja kila la nyuma. Zote hulishwa na silinda kuu moja kwa mfumo mmoja. Maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka, breki zote huondoka pamoja. Kwa gari la namna hiyo hakuna kusema "tutabadilisha hili bovu, hayo mengine yangoje."

Tuwaonye juu ya vumbi. Brekishu za zamani, vile vyuma vya mviringo vyenye bitana inayosugua dramu, nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi la asbesto likivutwa hukaa mapafuni, na kansa inayoletwa nalo yaweza kutokea baada ya miaka mingi. Mafundi wengi hufungua dramu na kupuliza kwa pampu ya upepo. Msifanye hivyo kabisa. Tulilowesha kila kitu kwa maji ya sabuni, tukapangusa kwa matambara yaliyolowa, tukayafunga matambara na bitana za zamani katika mifuko miwili ya plastiki, wala hatukuzichoma moto. Hakuna aliyekula wala kuvuta sigara hapo.

Silinda ndogo zilikuwa zimeganda. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, na yakikaa miaka mingi huozesha chuma kutoka ndani. Tulinunua silinda sita mpya, mpira wa silinda kuu, hozi na mabomba. Mjumbe wetu alivipata Kampala, na kilichokosekana kilichongwa na fundi wa Katwe, mahali penye sifa ya mafundi wa vyuma tangu zamani. Jambo moja msilisahau: usitie mafuta ya injini wala mafuta ya taa katika mfumo wa breki, hata kwa kusafishia. Mipira huvimba, na breki hukuacha katikati ya mlima.

Kisha tukatoa hewa katika mabomba. Kijana mmoja alikaa kwenye pedali, mwingine chini kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. "Kanyaga! Shikilia!" Huyu afungue, mafuta yatoke na mapovu, afunge. "Achia!" Tena na tena, gurudumu hadi gurudumu, mpaka yatoke mafuta matupu. Jioni mbili zilikwisha hivyo. Wachuma chai waliopita walicheka, wakaanza kuitikia "Kanyaga!" kama wimbo. Mwisho pedali ilikuwa ngumu chini ya mguu kama jiwe.

INJINI MWISHO

Ndipo tulipofungua boneti. Injini iliyolala miaka mingi isilazimishwe kuzunguka, kwa kuwa ringi za pistoni hushikana na silinda. Tulitoa plagi nne, tukamimina mafuta kidogo katika kila tundu, tukangoja siku nne. Tulimwaga mafuta yote ya zamani, ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili, tukatia mapya. Ndipo mzee akaingiza hendeli mbele na kuivuta taratibu bila plagi. Ilikataa, ikasogea robo, kisha ikazunguka.

Juu ya hendeli, vijana wa siku hizi hawaijui. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizungushiwe mpini, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirudisha teke, mkono ulioshika vibaya huvunjika.

Fundi umeme naye alituokoa na hasara. Betri ilipoletwa, kijana alitaka kufunga ncha hasi kwenye mwili wa gari kama magari yote ayajuayo. Fundi alizuia, akafuata waya wa zamani kwa kidole. Katika Land Rover nyingi za petroli za umri huu ncha chanya ndiyo inayofungwa kwenye mwili. Usikisie, fuata waya kwanza.

Tulisafisha tangi na kabureta, maana petroli ya zamani huwa gundi. Pointi za distributa zilisuguliwa na kupimwa milimita 0.35 hadi 0.40, na nafasi za valvu milimita 0.25. Vipimo hivi vya valvu tunavirudia kila mara kwa sababu maalumu. Injini hizi ziliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa sokoni katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kuondolewa kwake ni heri, kwa kuwa risasi ilikuwa sumu kwa watoto wetu. Lakini risasi ile ilikuwa pia ikilinda viti vya valvu. Nafasi ikipungua kila ukipima, ujue valvu inazama katika kiti chake, na fedha za kutengeneza silinda hedi zianze kuwekwa kando.

Jioni ya kuwasha walikusanyika watu wengi. Ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi wa bluu, ikanyamaza. Mara ya nne iliwaka ikabaki. Watu walipiga vigelegele. Mzee hakushangilia. Aliiendesha hatua ishirini kwenye uwanja wa kiwanda, akakanyaga breki, ikasimama wima bila kuvuta upande. Hapo ndipo alipotabasamu.

SAFARI

Kwa majuma mawili iliendeshwa ndani ya shamba tu, kwanza tupu, kisha na magunia ya mchanga, ikiteremka ule mlima wa kambi ya juu kwa gia ndogo. Kila jioni tulikagua mabomba, nati za magurudumu na mafuta. Kadi, bima na ukaguzi vilikamilika, na madereva watatu wenye leseni wakapangwa zamu.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa ya mtu wa kiwandani aliyebanwa mkono na mashine, usiku, mvua ikinyesha. Katika kona ya daraja la miti dereva alikuta ng'ombe wamelala njiani. Alikanyaga. Land Rover ilisimama, ng'ombe wakaondoka wakijivuta, gari likaendelea. Hiyo ndiyo habari yote ya safari ile. Laiti tungenunua stata kwanza, tungekuwa na habari nyingine ya kuwaandikia.

Mwenzetu alitibiwa, na gharama zilidaiwa kwa mwajiri kama sheria isemavyo na kama karatasi yetu ilivyosema. Machela ya engozi hatukuitupa. Imetundikwa ndani ya gari, kwa kuwa kuna nyumba ambazo hata Land Rover haifiki, na umoja wa kubebana ungali na kazi yake.

Ndugu wafanyakazi, nyuma ya karakana nyingi kuna chuma kilichotupwa ambacho bado kina uhai. Mkikitaka, anzeni na karatasi, kisha chasisi, kisha breki, na injini iwe ya mwisho. Rangi, kama mnavyoona, sisi bado hatujapaka.